Uji wa Moto Kutoka Nyumba Isiyo na Moshi

Mpendwa Mama Mdogo Bitisho,

Ninakuandikia nikiwa nimeketi juu ya jiwe lililokuwa kizingiti cha mlango wako hapa mjini Baraka. Nyumba yenyewe haipo tena. Mabati yaling'olewa zamani, na kuta za udongo zimerudi kuwa udongo. Iliyobaki ni migomba ya uani. Imeongezeka bila kupaliliwa na mtu, na hakuna jirani anayethubutu kukata hata jani lake moja. Nimewauliza sababu. Wananijibu kwa kutazama kando.

Nimeiacha barua hii wazi kwa makusudi. Itasomwa redioni, itabandikwa mlangoni pa ukumbi wa mikutano, na nakala yake itavuka ziwa pamoja na wachuuzi wa ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Mmoja wao anadai alikuona kambini, upande wa Tanzania, ukiuza mandazi. Mwenzake anaapa kwamba ulikwisha fariki. Siwaamini wote wawili. Wa kwanza hakuweza kuniambia kovu lako liko mkono upi, na wa pili hakuweza kuniambia ulizikwa wapi.

Yule mtoto uliyekuwa ukimwita Karani, kwa kuwa kila jambo alitaka kulieleza sawasawa kama lilivyo, sasa ana shahada ya chuo kikuu. Tasnifu yangu ilihusu matumizi bora ya nishati majumbani: namna ambavyo jiko la udongo, lililojengwa kwa akili na kulishwa kuni kavu, linaweza kuivisha chakula kwa kuni chache na kumwepusha mpishi na moshi. Jopo la maprofesa lilinisifu sana. Mwenyekiti wake aliinua miwani akaniuliza ubunifu ule niliutoa wapi. Nilimjibu bila kusita: "Katika uchunguzi wa nyanjani."

Uchunguzi huo, Mama Mdogo, ulikuwa wewe. Jina lako halimo katika ukurasa hata mmoja.

Unakumbuka mwaka ule wa vita vya pili vya hapa kwetu, mama yangu aliponiacha mikononi mwako akaenda rasini Ubwari kumuuguza bibi aliyekuwa amevunjika nyonga? Mji ulikuwa wa wanajeshi, milima ilikuwa ya watu wengine wenye bunduki, na sisi wa katikati tulihofia pande zote. Kibiriti kilikuwa kimeadimika. Kila asubuhi akina mama walitoka uani, wakatazama ni paa la nani limetangulia kutoa moshi, kisha wakaenda huko na kigae cha chungu kilichovunjika. "Hodi, naomba moto." Hakuna aliyenyimwa. Kwa njia hiyo mtaa ulijua nani ameamka salama, nani anaumwa, nani amepata mgeni. Nyumba ikikaa siku mbili bila moshi, majirani waliingia bila hodi, maana huenda humo mlikuwa na maiti.

Lakini moshi ule ule uliwaambia na wanajeshi. Walisimama barabarani wakitazama mapaa kama mvuvi anavyotazama maji. Moshi ukiwa mzito, walijua sufuria ndiyo kwanza imeinjikwa. Ukipungua, walijua bugali, yaani ugali, imeiva, na hapo ndipo walipobisha hodi, ikiwa walibisha.

Ndipo ulipojenga jiko lako. Nilikanyaga mwenyewe udongo wa kichuguu kwa miguu yangu mpaka ukalainika kama unga uliokandwa. Tuliuchanganya na nyasi kavu zilizokatwakatwa, na nyuzi za ngazi, matunda ya mchikichi, zilizobaki baada ya kukamuliwa mawese, na kitu cha tatu ambacho sitakitaja hapa, kwa sababu utakayoiona mwishoni. Hicho cha tatu hakikuwa na kazi yoyote katika jiko. Ulikitia kwa sababu zako mwenyewe. Kisha ukachimba mtaro mwembamba kutoka nyuma ya jiko hadi katikati ya migomba, ukaufunika kwa vipande vya bati na udongo juu yake. Moshi mdogo uliosalia ulitambaa chini ya ardhi na kujipotezea huko kwenye majani, bila kupanda juu ya paa.

Kuni zako ulizikausha wiki nyingi chini ya kitanda. Uliziambua maganda na kuzipasua nyembamba kama vidole.

"Karani, usikie," uliniambia ukiwa na shoka mkononi. "Kuni mbichi iko kama mulevi. Inasemaka siri ya nyumba yote."

Nilicheka. Wewe hukucheka.

"Na hii jiko usiseme kwa muntu. Hata Mungu, tumuache aione yeye mwenyewe."

Nilikuuliza ulijifunzia wapi. Uliendelea kupasua kuni hadi nikadhani hukunisikia. Kisha ukasema kwamba katika vita vya kwanza mlijificha porini juu ya Lubondja, mtoto wako akapata homa, ukampikia uji kwa kuni zilizolowa mvua, na moshi ukapanda juu ya miti. "Batano tulipanda," ulisema. "Batatu tukashuka." Hukuniambia ni nani na nani waliobaki huko, na tangu siku ile nilielewa kwa nini hapakuwa na mtoto wako nyumbani.

Ninakiri kwamba tulikula vizuri. Mzigo mmoja wa kuni ulitutoa Jumapili hadi Jumapili. Wanajeshi hawakuja kwetu hata mara moja, na kwa kuwa makaa yalilala hai chini ya majivu ndani ya jiko, hatukwenda kuomba moto kwa yeyote. Nikiwa mtoto niliona hiyo ni neema. Sikuona jinsi inavyoonekana kutoka uani kwa jirani: nyumba isiyotoa moshi, isiyoomba moto, isiyotembelewa na askari, na ambayo watu wake hawakondi.

Kisha Mama Wilondja, jirani wa mkono wa kulia, akajifungua. Mumewe alikuwa hajulikani aliko. Ulipika uji wa mahindi wenye karanga, ukanipa bakuli lililofunikwa jani la mgomba, ukaniambia niupeleke mbio kabla haujapoa. Aliunywa nusu huku akikubariki wewe na wazazi wako. Halafu akashusha bakuli, akaliwekea kiganja ubavuni.

"Huu uji iko moto," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Umepikwa wapi?"

Alinyoosha shingo kuelekea mlangoni, akatazama juu ya paa letu kwa muda mrefu. Mbingu ilikuwa nyeupe, haina hata alama. Nusu iliyobaki hakuinywa.

Nimerudia mara nyingi akilini mwangu lile bakuli. Wema wako ndio uliokuwa ushahidi dhidi yako.

Wiki moja baadaye nilikwenda mtoni kuteka maji. Akina mama walikuwa pale wakifua, na Mama Wilondja alikuwa miongoni mwao, mtoto mgongoni. Nilidhani wananiita kunisalimu.

"Karani, kuja hapa. Kwenu munakulaka?"

"Ndiyo, Mama."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na moshi? Ulishaona moshi kwa Bitisho?"

Mmoja akadakia, "Labda anapikaka na jua," na mwingine, "Ao na maneno, Bitisho iko na mudomo!" Wakacheka. Mama Wilondja hakucheka. "Basoda njo banamupikiaka," alisema, kwamba wanajeshi ndio wanaokupikia, na kicheko kikakatika. Kisha akanigeukia tena, taratibu, kama mwalimu. "Sema kweli, mwanangu. Ulishaona?"

Nilifikiri kwa uangalifu mkubwa. Nilikuwa nimekuahidi nisiseme habari za jiko, na ahadi hiyo niliitunza. Swali lilihusu moshi. Juu ya paa letu sikuwa nimeona moshi kamwe. Nikasimama wima, ndoo kichwani, nikajibu kama mwanafunzi anayesubiri alama:

"Hapana, Mama. Sijaona hata siku moja."

"Mumesikia," akasema Mama Wilondja. "Mutoto hadanganyi."

Nilirudi nyumbani nikiwa na fahari. Nakwambia hivi kwa aibu: nilikuwa na fahari.

Kesho yake tulifungua mlango, tukakuta kigae kimepinduliwa juu ya jiwe hili ninalolikalia. Mimi sikujua maana yake. Wewe ulijua: hatutaomba moto kwako, wala wewe usiombe kwetu. Na katika miaka ile, nyumba iliyowekewa kigae ilitajwa hadi milimani kuwa ni ya rafiki wa wanajeshi, na wenye bunduki wa huko hawakuwa na desturi ya kuuliza mara mbili. Hukulia. Ulichukua jembe, ukalibomoa jiko lako kipande kwa kipande, ukaufukia mtaro, ukafagia. Kabla jua halijafika utosini tulikuwa ufukweni.

Katika mtumbwi wa kwenda Ubwari nilikuuliza, "Mama Mudogo, si ungebaonyesha jiko? Bangeamini."

"Nikionyesha bamama kumi, kesho basoda bote banajua. Batapita kila nyumba, iko moshi ao haiko. Batoto ba Baraka batakula nini?"

Ukageuka ukatazama maji. Kisha ukasema jambo ambalo nimelibeba kupita mitihani yangu yote:

"Sikukasirikie. Ulisema kile macho yako iliona. Lakini ule udongo, miguu yako njo iliukanyaga."

Ulinikabidhi kwa mama yangu, ukavuka ziwa peke yako. Sikukuona tena.

Sasa nifike kwenye sababu ya kuandika leo. Mkoa umeunda kamati ya kuandaa sera ya nishati safi majumbani, nami nimeitwa kutoa mapendekezo. Sitakuficha kwamba niliruka kwa furaha. Ninatamani kazi hiyo, ninatamani jina langu lisikike mezani kwao. Walinituma Baraka na fomu: kila kaya ina mafiga mangapi, inatumia kuni kiasi gani, makala, yaani mkaa, kiasi gani, nani anakohoa. Milima ya hapa inapoteza miti kila msimu kwa ajili ya makala, na wanawake tunaowaita bibi wana macho mekundu tangu ujana wao. Sababu za kubadilika ni nyingi na ni nzuri. Nilidhani zitatosha.

Milango ilifungwa, Mama Mdogo. Nilipofika nyumba ya kwanza, mwanamke alifunika sufuria yake kwa kanga na kukaa mbele yake. "Benye kuhesabu vyungu njo banarudiaka kuchukua vyungu," aliniambia. Nyumba ya pili walizima moto waliponiona. Nyumba ya tatu ilikuwa ya Mama Wilondja. Amezeeka, goti moja halikunjiki, lakini shingo bado anainyoosha vile vile. Aliitazama picha ya jiko langu, akaitazama sura yangu, akanitambua.

"Karani."

"Ni mimi, Mama."

"Si we njo ulituambia, nyumba bila moshi? Tukafukuza muntu. Leo unataka zetu zote zikae vile?"

Niliikunja ile picha, nikaifungasha pamoja na fomu zangu.

Nilipowasimulia wanakamati, mmoja wao, bwana mwenye viatu vinavyong'aa kupita kiasi, alinishauri kwa upole: "Andika kwamba wanawake wanapinga kwa sababu ya kukosa elimu." Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Nilikwisha kuishika kalamu. Ni sentensi nyepesi, ingenipatia sifa, na ndiyo maana niliishuku. Ilifanana mno na jibu langu la mtoni.

Kwa hiyo nimeandika mengine. Nimeandika kwamba katika mji huu moshi ulikuwa salamu, na ulikuwa hati ya kuthibitisha kwamba nyumba haina siri. Kwamba serikali inayomwomba mwanamke auondoe moshi wake inapaswa kwanza kumweleza majirani zake watamjuaje. Kwamba jiko banifu lijengwe uani, mchana, mbele ya macho ya watu, kwa udongo wa hapa na mikono ya hapa. Kwamba asihesabiwe mtu kabla ya kuambiwa hesabu hiyo inakwenda wapi na nani ataishika. Nimependekeza pia jiko hilo liitwe Jiko la Bitisho. Bwana wa viatu aliuliza Bitisho ni nani na ana cheti gani. Bado hawajanijibu. Huenda kazi nimekwisha kuikosa.

Lakini ripoti haisomwi mtoni. Jumapili iliyopita, baada ya ibada, niliomba nafasi mbele ya akina mama wote. Nikasema kwamba jiko lilikuwapo. Nikasema lilikuwa wapi, mtaro ulipita wapi, kuni zilikaushwa wapi. Nikasema udongo niliukanyaga mimi, na kwamba siku ile mtoni nilijua na nikanyamaza, nikawapa nusu ya ukweli huku nikijisifu kwa usahihi wake. Nikasema Bitisho hakula chakula cha askari hata tonge moja.

Kisha sauti ya Mama Wilondja ikatoka nyuma:

"Juu ya nini unasema leo? Juu ya proje?"

Nilitaka kuapa kwamba si kwa ajili ya mradi. Sikuweza. Miaka yote ile nilikuwa na ulimi huu huu, na sikusema mpaka siku nilipohitaji milango ifunguliwe. Wewe mwenyewe ukinishuku, Mama Mdogo, utakuwa na haki, ninajishuku pia.

Nikaja hapa kwako. Nimelijenga upya jiko na kuuchimba tena mtaro wake mahali pale pale, ambapo sasa ni uani, mchana kweupe, watu wakipita. Udongo wa kichuguu, nyasi, nyuzi za ngazi, na kile cha tatu, ambacho nilikichanganya peke yangu. Kigae kilichopinduliwa nilikikuta kimezama nusu kwenye udongo kando ya jiwe. Nimekigeuza, nimekiacha hapo. Kila asubuhi ninawasha, ninapika uji, ninauacha mlango usiokuwapo ukiwa wazi. Siku ya kwanza watu walisimama mbali wakitafuta moshi angani. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu mtu alipita akitema mate, na sijui kama ni kwa dharau au kwa vumbi.

Leo asubuhi amekuja Mama Wilondja, akiegemea fimbo. Hakunisalimu. Alilizunguka jiko mara mbili. Aliinama kwa shida, akaweka kiganja juu ya ardhi iliyoufunika mtaro, akakiacha hapo, kama alivyokiweka zamani ubavuni mwa bakuli. Kisha akalifuata lile joto hatua kwa hatua hadi katikati ya migomba, akasimama kule ndani, akanusa.

"Kumbe ulikuwako," alisema. Alikuwa akiuambia moshi.

Nilikuwa na daftari mkononi. Sikuandika chochote.

Aliporudi, alisimama mbele yangu, akatazama juu ya kichwa changu. "Ule uji ulikuwa mutamu," alisema. "Nilimwaga nusu." Akaokota kile kigae kando ya jiwe, akakipangusa kwa kanga yake.

"Naomba moto," akasema. "Siyo kwako. Kwa Bitisho."

Nilimpa makaa matatu. Aliyakinga na upepo kwa mkono, akaondoka polepole kwa goti lake gumu, akipita barabarani ambako kila mtu angemwona. Ninapoandika, moshi unapanda juu ya paa lake.

Sikwambii kwamba mambo yamekwisha. Ni mwanamke mmoja, na huenda kesho akajuta. Wala sikwambii urudi kwa sababu mimi nimesema. Neno langu lilikwisha kukuponza mara moja. Lakini ikiwa u hai, mtume mtu yeyote anayevuka, na umpe jina la kile kitu cha tatu tulichochanganya kwenye udongo. Hakuna mchuuzi anayeweza kulibuni. Nikilisikia nitajua ni wewe, nami nitakuja kukupokea ufukweni nikiwa na yeyote atakayekubali kuja nami. Nina hakika ya mmoja, ikiwa goti lake litamruhusu.

Mpaka hapo, makaa yako yamelala chini ya majivu.

Mtoto wa dada yako, aliyeukanyaga udongo,
Karani